Mashine Iliyomshinda Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mashine haikushinda.

Basi, nimeandika. Miaka arobaini na moja sijaiandika sentensi hiyo popote, hata pembeni mwa gazeti. Mashine haikushinda. Aliyeshinda ni mdogo wangu, ambaye sasa hivi yuko jikoni anagombana na mfuniko wa sufuria.

Daktari alikuja asubuhi. Akanibonyeza miguu – kidole kinaacha shimo kama kwenye unga uliokandwa – akasikiliza kifua, akatoka kuzungumza na mdogo wangu sebuleni kwa sauti ya chini. Kana kwamba na masikio yamevimba! Nilisikia neno "wiki". Idadi sikuisikia. Mdogo wangu akarudi na uso uliofutwa vizuri, akaniuliza kama nataka chai. Nikamwambia nataka daftari na kalamu.

– Unaandika kitabu cha tano, Profesa?

Huniita Profesa anaponikejeli. Siku nyingine zote ni Kaka.

Nikasema ni mambo yangu tu. Akasema haya, mambo yako na yakae kwako, ila dawa ya saa sita ni mambo yangu.

Nimechoka. Mistari kumi tu na nimechoka.

Jumanne, 4 Machi

Simu. Binti Fundi. Shikamoo baba mdogo, unaendeleaje, nasikia umelazwa nyumbani. Nikamwambia nimelazwa, bado sijalala. Akacheka kicheko cha baba yake, kile kinachoanzia puani.

Anataka sanduku.

Ngoja niliweke jambo hili sawasawa, maana kichwa kikichoka hakitaandika tena.

Tulikuwa watatu. Fundi, baba yake, alijua mashine. Tajiri, tuliyemwita hivyo kwa sababu alikuwa akisambazia bidhaa maduka madogo ya mji mzima, alijua biashara. Mimi nilijua watu, au nilidai kuwajua. Ndiyo kazi niliyosomea. Siku hizo kila msomi alilima shamba lake na hakuvuka mpaka. Mkuu wa idara aliniuliza mbele ya wenzangu kama nimehamia kuuza sabuni.

Swali letu lilikuwa jepesi. Mwenye duka dogo akitaka kujua aagize nini mwezi ujao, nani atamshauri vizuri zaidi, mashine au mtu?

Tukajenga kibanda ndani ya ghala la Tajiri. Wenye maduka sitini. Mtu anaingia, anaandika jina la duka lake na swali, anausukuma ujumbe kwenye tundu la ukutani. Baada ya muda kinatoka kikaratasi kilichochapwa, maneno yasiyozidi kumi na tano. Hajui kimetoka kwa nani. Nyuma ya ukuta kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja na kompyuta ya Fundi, kubwa kama kabati la nguo, imelishwa mauzo ya miaka minne. Kingine na mdogo wangu, kiti, na feni mbovu. Majibu yote yalichapwa kwa printa moja.

Mimi nilikaa katikati. Kila kikaratasi kilipita mkononi mwangu, nikakigonga muhuri: A au B. Nakala nikaitia sandukuni. Fundi na Tajiri hawakutakiwa kujua A ni nani na B ni nani, ili wasije wakapendelea. Vikaratasi hawakuvisoma, walihesabu tu kila mwezi: bidhaa iliyoshauriwa imeuzika, au imedoda? Maana ya herufi niliiandika siku ya kwanza, ikakaa ndani ya bahasha, sahihi zetu tatu zimepita juu ya gundi. Ndivyo inavyofanyika. Mtu mmoja tu ndiye hushika siri, na huyo mmoja huaminiwa.

Miezi sita. A ikapata sabini na moja kwa mia. B, arobaini na nane.

Bahasha ikafunguliwa mbele ya watu. A – mashine. B – mtu. Fundi alibebwa juu juu!

A alikuwa mdogo wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja. Amevaa miwani mikubwa, viatu amevivua mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtoto wa nyumba hii. Na ndiye. Tulimbeba huyu.

Kampuni yake inatengeneza mshauri wa wenye maduka madogo. Yuko ndani ya simu. Unamuuliza, anakujibu. Binti Fundi amesomea kompyuta, kisha biashara, na sasa amewaajiri wawili waliosomea tabia za watu. "Mlichofanya nyinyi watatu, baba mdogo, leo dunia nzima inakifanya. Ila nyinyi mlitangulia." Vile vikaratasi vya A, anasema, vitakuwa mwalimu wa mashine mpya. Majibu ya mashine ya baba yake yataifundisha mashine yake. Pia anataka anirekodi nikisimulia ushindi ule, kwa kuwa nimebaki peke yangu. Fundi ana miaka tisa kaburini. Tajiri zaidi.

Nikamwambia sanduku liliharibika. Mchwa.

Nilisema kwa utulivu kabisa. Uongo wa mzee mgonjwa hauna anayeuchunguza.

Mdogo wangu alikuwa anaingia na sinia la chai. – Mchwa wa wapi, Kaka? Sanduku lipo juu ya kabati langu, mwaka wa ishirini huu nalipangusa vumbi! Akaliweka sinia chini, akaenda, nikasikia stuli ikiburutwa. Mwanamke wa miaka sabini na tisa amepanda stuli! Binti Fundi akakimbia kumshika.

Wakarudi nalo wawili, wanacheka. Shangazi angeanguka mie ningesema nini? Ungesema amekufa kazini, akajibu mdogo wangu.

Kisha akaligonga kofi lile sanduku kama mtu anavyompiga mgongoni mshindani wa zamani. – Chukua, mama. Humu ndani ndimo nilimoshindwa na baba yako.

Binti Fundi akaona haya kidogo. Akasema, Shangazi, wewe ndiye uliyekuwa B? Hakujua. Angejuaje? Katika ripoti tuliandika "mshauri wa kibinadamu". Hana jina.

– Mimi ndiye. Na sioni aibu. Mtu hushindana mbio na gari?

Sanduku limeondoka ndani ya gari lake. Moyo unakwenda mbio tangu saa nane. Vidonge viwili badala ya kimoja.

Ijumaa, 7 Machi

Yalikuwa makosa.

Niandike hivi: siku ile ya kwanza nilipojaza karatasi ya ndani ya bahasha nilizipishanisha herufi. Nilikuwa na homa. Kazi zilikuwa nyingi, maombi ya fedha za utafiti, mitihani ya wanafunzi. Mwezi mmoja baada ya matokeo kutangazwa nilikaa na vikaratasi, nikavisoma, nikang'amua. Lakini kufikia hapo ripoti ilikwisha chapwa, Fundi amekwisha ahidiwa karakana yake, na ungeanzia wapi? Kosa dogo la kalamu. Msomi yeyote lingemtokea.

Nimeisoma tena aya hiyo. Inasomeka vizuri.

Mchana sikula.

Jumamosi, 8 Machi

Simu, saa tatu asubuhi. Binti Fundi hakuamkia vizuri, alirukia.

– Baba mdogo, nina swali la kijinga.

Maswali ya kijinga ndiyo yenye meno. Niliwaambia hivyo wanafunzi wangu kila mwaka.

Akanisomea kikaratasi. A, mwezi wa pili. Mwenye duka aliuliza kama aongeze mafuta ya taa. Jibu: "Usiongeze. Jirani yako anahama. Wateja wake watakuja kwako kutafuta mkate. Agiza mkate." Kisha: mashine ya baba ilijuaje kuwa jirani anahama?

Nikasema taarifa za mtaa nazo tulikuwa tukizilisha.

– Nani alizilisha?

Wasaidizi.

– Na hiki je? "Mama, biskuti zako zinaliwa na wanao. Agiza nusu."

Nilijifanya nakohoa. Sikujifanya sana, kikohozi kikaja chenyewe, kikanikamata, mdogo wangu akaninyang'anya simu akamwambia atapiga baadaye, mgonjwa anazidiwa. Akanishika mgongo mpaka kikapita. Mkono wake una sugu ya mkasi kwenye kidole gumba.

Alikuwa anakusumbua na nini yule mtoto?

Utafiti, nikasema.

– Utafiti! Hata kufa hawakuachi ufe.

Jumapili, 9 Machi

Muuguzi alikuja kunipima. Kijana mchangamfu, mikono baridi. Wakati ananifunga mkanda wa presha simu ya mdogo wangu ikamrekebishia neno alilokuwa akiandika, likawa neno la ajabu, akaguna: – Hawa ndugu zangu hawa! Walinishinda wakaninyima kazi, sasa wananifundisha kuandika.

Muuguzi akauliza nani walikushinda, bibi. Basi akasimulia. Nimeisikia hadithi hiyo harusini, msibani, kwenye foleni ya benki. Huwa wanacheka. Leo niliisikiliza kama mtu anayesikiliza ripoti ya daktari.

Alikuwa na duka lake dogo siku hizo, la kukodi, akichukua bidhaa kwa Tajiri. Tajiri ndiye aliyemchagua kwa jaribio. Alisema kati ya wateja wake mia tatu huyu peke yake hajawahi kumrudishia hata katoni moja iliyododa. Akatoa na ahadi mbele yetu sote: mtu akiishinda mashine, nitamwajiri mtu huyo awe mshauri wa maduka yangu yote, apewe ofisi na gari. Mashine ikimshinda mtu, nitanunua mashine. Mdogo wangu akafunga duka miezi sita ili akae kwenye kile chumba chenye feni mbovu.

– Basi bahasha ikafunguliwa, anasema, na mimi nimevaa gauni jipya nimeshona mwenyewe, la ofisini hasa, lina na mifuko! Wakasema arobaini na nane. Nikamgeukia kaka yangu huyu unayemwona. Nikamuuliza kaka, hiyo arobaini na nane ni ya nani? Akaniambia pole.

Muuguzi alicheka. Hapo ndipo wanapocheka wote. Akauliza gauni je?

– Gauni nilivaa nikienda kutafuta kazi. Duka nilikwisha poteza. Nikarudi kwenye cherehani, miaka thelathini. Sikuajiriwa ofisini, ila mifuko nilikuwa nayo.

Presha yangu ilikuwa juu sana. Muuguzi alipima mara mbili. Akasema tusimchekeshe mzee.

Wenye maduka walimwita "Arobaini na Nane". Hilo hakumwambia muuguzi. Watu walimwita hivyo sokoni, kwa mzaha, miaka na miaka. Mchumba wake wa wakati ule pia alilitumia jina hilo, siku walipogombana, na hawakupatana tena.

Nimeandika "mdogo wangu, kiti, na feni mbovu" siku ya Jumanne kana kwamba ni vyombo vya chumba.

Jumatatu, 10 Machi

Pumzi fupi. Mto wa tatu.

Nilimwita. Akaja akipangusa mikono. Nikasema kaa. Akakaa. Nikasema kuna jambo. Akasema naam. Nikatazama ule uso.

Nikasema bomba la bafuni linavuja.

– Najua. Fundi bomba anakuja kesho. Ndilo umeniitia?

Ndilo.

Jumatano, 12 Machi

Ujumbe wa simu, mrefu. Nimeusoma mara nne kwa kioo cha kukuzia.

Binti Fundi amesoma vyote. Elfu moja mia moja na arobaini. Anasema vya B vyote vimefanana: ongeza asilimia fulani, punguza asilimia fulani, kama mtu aliyemeza rula. Vya A vinajua nani ana mimba, duka gani liko karibu na shule, nani anamwogopa mumewe. Kimoja kinasema: "Swali lako silo hilo. Rudi kesho na swali lenyewe." Anasema alicheka, kisha akalia, kwa sababu alimjua baba yake, na baba yake hakuwahi kuandika hata barua isiyo na tarakimu.

Mwisho: "Kesho asubuhi nakuja, baba mdogo. Sitaki kumvunjia mtu heshima. Nataka kujua tu."

Anataka kujua tu! Nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Nimefikiria kumwambia mdogo wangu amzuie mlangoni. Mgonjwa hataki wageni. Angetii. Hiyo ndiyo shida, angetii.

Na Binti Fundi nimemfikiria. Jina la kampuni yake ni la baba yake. Kwenye ukuta wa mapokezi kuna picha ya ile kompyuta. Nikisema, picha inashuka. Nisiposema, ataifundisha mashine yake maneno ya mdogo wangu, kwa jina la Fundi, na kila mwenye duka atakayeyasoma kwenye simu yake atasema hii mashine ina akili kama mtu.

Mdogo wangu ameniletea dawa. Amesema miguu imepungua. Haijapungua.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne na nusu. Wako sebuleni. Mlango uko nusu wazi. Naandika haraka, mwandiko usomeke usisomeke.

Amefika saa tatu. Amekuja na sanduku na bahasha ya kaki. Sikupata nafasi ya kuzuia wala kutozuia: mdogo wangu alikwisha mfungulia, akamvuta kiti, akakaa naye hapa hapa chumbani. Binti Fundi akamtazama, akanitazama. Nikasema aendelee. Nilitaka mtu mwingine aseme.

Akaviweka vikaratasi juu ya shuka, juu ya miguu yangu. Kumi hivi. – Shangazi, hebu visome hivi.

Mdogo wangu akavaa miwani. Akasoma cha kwanza, midomo ikicheza. Akacheka. – Eee! Huyu mama wa biskuti! Nilimwambia agize nusu, nikasikia amenuna mwezi mzima. Akachukua cha pili. – Na huyu wa mkate. Jirani yake alikuwa ananidai nimshonee pazia la nyumba mpya, ndiyo nikajua anahama. Akachukua cha tatu. Kisha akaona pembeni. Akakigeuza. Akarudi kwenye cha kwanza, akatazama pembeni yake.

– Mbona vina A?

Akanielekezea kikaratasi.

– Kaka. A si ilikuwa mashine?

Binti Fundi akamshika mkono. Akasema, kwa upole sana, Shangazi, nafikiri wewe ndiye uliyeshinda. Sabini na moja.

Sijui nilitarajia nini. Kilio. Kofi. Alikaa, kikaratasi kiko mapajani, akihesabu kitu kwa vidole, taratibu, kama anavyohesabu vifungo. Halafu akaanza kutabasamu. Mwanamke huyu! Akatabasamu mpaka meno yaliyobaki yote yakaonekana. – Sabini na moja? Kwa mia? Nikiwa na feni ile?

Akainuka, akazunguka chumba, akakaa. Akasema laiti yule mchumba wangu angekuwa hai ningemfuata kwake na karatasi hii. Akasema, na Tajiri naye, Mungu amrehemu, alininyima gari langu bure. Akacheka peke yake. Sisi hatukuweza.

Kisha akanigeukia, na hapo ndipo aliponiua.

– Ulikosea herufi, Kaka. Ulikuwa na homa wiki ile, mimi ndiye niliyekukanda. Herufi zenyewe mbili tu, na umechoka. Kosa. Nani hakosei?

Nilikuwa nimejitungia uongo huo Ijumaa. Yeye akanipa bure, tena mzima kuliko wangu, na akaamini.

Binti Fundi alishusha pumzi. Nikaona mabega yake yakilegea. Kosa la kalamu halimchafui baba yake. Kosa la kalamu linasahihishwa. Akasema nilifikiria hivyo hivyo, nimekwisha andaa barua, na akatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki. Imechapwa vizuri. "Kwa makosa yasiyokusudiwa ya uandishi, herufi zilipishana..." Jina la mdogo wangu limo, lote kamili, mara tatu. Litaandikwa kwenye mfumo wenyewe. Kila jibu la mashine mpya litataja chanzo chake. Atalipwa pia. Picha ya ukutani itabaki, na ya Shangazi itawekwa kando yake. Sahihi yangu tu ndiyo inayosubiriwa.

Amefikiria kila kitu. Ana akili, mtoto yule.

Mdogo wangu akasema tumwache asome, mzee hapendi kusoma akitazamwa. Wakatoka. Namsikia akimwambia habari za gauni lenye mifuko, na safari hii hadithi inaishia kwingine.

Barua iko hapa juu ya godoro. Kalamu hii hii ingetosha. Mstari mmoja chini, na kila mtu anashinda: yeye, mtoto, Fundi kaburini, mimi kitandani. Nani ataumia?

Nilianza kuandika jina langu. Herufi ya kwanza imo tayari.

Nimemwita.

Amekuja na miwani bado puani. – Umesaini?

Nikamwambia afunge mlango. Akafunga. Nikamwambia kaa. Akasema usiniambie ni bomba. Akakaa kitandani, pale pale vilipokuwa vikaratasi.

Nimemwambia hayakuwa makosa.

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia bahasha zilikuwa mbili. Siku ya kwanza, kabla kibanda hakijafunguliwa, nilimwambia Fundi na Tajiri waweke sahihi kwenye bahasha mbili, nikasema karatasi huchanika, tuwe na ya akiba. Fundi alisaini huku akicheka kuwa wasomi tunaogopa hata gundi. Ndani ya moja nilikuwa nimeandika A ni mtu. Ndani ya nyingine, A ni mashine. Nikazitia zote kwenye droo ya meza yangu, na miezi sita nilizilinda zote mbili. Asubuhi ya kutangaza niliichoma moja. Sikuwa na homa siku hiyo. Nilikuwa nimenyoa ndevu, nimekunywa chai.

Hajapiga kelele. Amevua miwani. Kutoka sebuleni Binti Fundi ameuliza, Shangazi, kuna tatizo?

Mdogo wangu ameniuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo ambayo sikumbuki kuisikia tangu tukiwa watoto:

– Siku ya kwanza, Kaka? Siku ya kwanza nilikuwa bado sijajibu hata swali moja. Ungejuaje kama utaihitaji ya pili?

Nimemwomba dakika moja, nimechukua daftari. Anadhani naandika kwenye barua. Ameegemea mto wangu, anasubiri, mkono wake uko juu ya shuka, karibu kabisa na wangu. Nitamaliza mstari huu nimgeuzie daftari asome mwenyewe.

Baba alipokufa, karo ilitosha mtoto mmoja, wakakutoa wewe wakaniacha mimi. Lakini kabla ya hapo hesabu zangu za sekondari ulinifanyia wewe, ukiwa madarasa mawili nyuma yangu, na mama hakujua. Wakati wa jaribio mama alikuwa bado hai. Angeniuliza karo ile ilimstahili nani.

Niliandaa bahasha ya pili kwa sababu nilijua utashinda.